Drili, pipa lenye kisu, mashine ya zege au trela: kipi kikuvunjie karatasi za matofali?

Anayetaka kufyatua matofali ya karatasi nyumbani huanza kwa kuuliza anunue mashine gani ya kuchanganyia. Swali hilo limefunga kazi mbili kwenye kamba moja. Kazi ya kwanza ni kuvunja karatasi iliyolowa mpaka kisionekane tena kipande, zibaki nyuzi tupu zinazoelea majini. Ya pili ni kuzichanganya nyuzi hizo na saruji, na mchanga kama unautumia. Ya kwanza inadai kasi na kisu. Ya pili inadai kugeuzageuza tu, na chepe linaiweza vizuri. Fedha nyingi hupotea mtu anaponunua kifaa cha kazi ya pili akitarajia kimfanyie ya kwanza.

Kabla ya kulinganisha kifaa na kifaa, piga hesabu ya tofali, maana ndiyo itakayoondoa nusu ya machaguo bila mjadala. Chukua tofali la inchi sita tulilozoea: sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15. Ujazo wake ni lita 15. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama matofali kumi. Chumba cha mita tatu kwa tatu, ukuta wa mita 2.7 kwenda juu, ukitoa mlango na dirisha, kinataka matofali kama 280. Kwa kuwa rojo la karatasi hushuka kwenye kalibu maji yanapochuja, na tofali lenyewe husinyaa likikauka, panga 350.

Ndoo ya lita 20 haikorogwi ikiwa imejaa hadi mdomoni. Lita 15 ndiyo mwisho wake, kwa hiyo ndoo moja ni tofali moja, na chumba kizima ni ndoo 350. Pipa la lita 200 likiwekwa lita 150 linatoa matofali kumi kwa mkupuo, na chumba kinakuwa mapipa 35. Tofauti ya drili na pipa imeanza kuonekana hapo, na hatujazungumzia umeme wala bei.

Upande wa pili wa hesabu ni uwanja. Matofali haya hayakauki kama ya saruji. Hata jua likiwa kali yanaweza kulala chini wiki mbili, tatu, na Pwani wakati wa masika ni heri usianze kabisa. Ukifyatua kumi kwa siku, baada ya wiki tatu una zaidi ya mia mbili yaliyotandazwa uani, na bado ya kwanza hayajawa tayari kubebwa. Kwa ua wa kawaida wa Mbagala au Kayole, uwanja hujaa kabla mashine haijachoka. Mtu mmoja na msaidizi wake hawahitaji kitu kinachozidi pipa moja au mawili kwa siku, hata kama duka lina kikubwa zaidi na muuzaji ana maneno matamu.

Kinu, mchi na miguu

Naanza na kisichogharimu kitu. Karatasi iliyolowekwa siku mbili, ikatwangwa kwenye kinu, inavunjika vizuri sana. Mchi hauzikati nyuzi, unazitenganisha, na nyuzi ndefu ndizo zinazoshika tofali lisimeguke pembe. Kwa ubora wa rojo, kinu kinaishinda drili. Tatizo ni kiasi. Chumba chetu cha matofali 350 kinataka karibu kilo 245 za karatasi kavu, na kinu kinapokea kiganja kwa kiganja. Kitumie kwa majaribio: matofali matano, sita ya kuona kama karatasi uliyonayo inafaa, kabla hujamlipa fundi yeyote.

Kukanyaga kwa miguu kwenye shimo lililotandikwa turubai nako kunawezekana, kwa karatasi laini tu, na kabla saruji haijaingia. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole, bila maumivu ya kukushtua, mpaka jioni ukute vidole vimechubuka. Ikishaingia, ni gambuti na glavu za mpira, hakuna mjadala.

Trei za mayai zinastahili neno lake hapa. Trei hizi za karatasi zimetengenezwa kwa rojo la karatasi chakavu, hivyo ukizirudisha kwenye maji zinaachia upesi kuliko chochote kingine. Magazeti yanafuata. Maboksi ni magumu zaidi, yanataka kulowa siku kadhaa na kuondolewa utepe wote wa plastiki wenye gundi, kwa sababu utepe ule hujizungusha kwenye shafti ya kila mashine nitakayoitaja. Majarida ya kung'aa achana nayo. Aliye karibu na mama ntilie au muuza chipsi, na trei zake bure, anaweza kufanya kwa mikono na drili kile ambacho mwenye maboksi atahitaji mota.

Drili ya kawaida au ya mikono miwili

Drili ndogo ya kutobolea ukuta, ile ya wati 600 au 700, huonekana kama njia rahisi: unafunga fimbo ya kukorogea rangi, unaingiza kwenye ndoo. Kwa ndoo tano, sita inakubali. Lakini imeundwa kwa kazi ya sekunde chache kisha kupumzika. Rojo zito linaishikilia, inapunguza kasi, feni yake ya ndani inapunguza upepo, na joto linapanda. Ukisikia harufu ya vanishi inayoungua, koili yake imeanza kuungua.

Ile ya mikono miwili ya kukorogea rangi na gundi ya vigae ni kitu kingine. Ina wati 1,200 hadi 1,600, giaboksi ya kuteremsha kasi, na inashikwa pande zote mbili hivyo haikukunji kifundo cha mkono karatasi inapokwama. Ukiharibika mradi wa matofali, bado utaitumia kukorogea rangi ya nyumba hiyohiyo au utamuazima fundi vigae.

Kasoro yake iko kwenye fimbo, na hili wauzaji hawalisemi. Fimbo ya dukani ina utepe wa chuma uliozungushwa. Kazi yake ni kupandisha rangi iliyotulia chini, haina ncha ya kuchana. Kwenye trei za mayai inatosha. Kwenye maboksi utazungusha mpaka mabega yaume na vipande bado vimo. Peleka kwa fundi wa kuchomelea akuongezee vipande viwili vya fletibaa (chuma bapa) chini kabisa, vimekaa msalaba, vifupi kiasi kwamba havigusi ndoo. Gharama yake ni ndogo na kifaa kinabadilika kabisa.

Kwa matofali 350? Inawezekana kwa mtu mwenye subira, akikoroga kwenye pipa la plastiki lililokatwa nusu badala ya ndoo. Kwa banda la kuku, ukuta mfupi wa kugawa chumba, au vyungu vya maua, sioni sababu ya kununua kitu kikubwa kuliko hiki.

Mashine ya zege

Hii ndiyo inayopoteza fedha za watu. Inakodishwa kila mji, ni kubwa, ina injini, na jina lake linasema inachanganya. Tatizo ni kwamba ngoma yake huzunguka kama mara 25 au 30 tu kwa dakika. Inafanya kazi kwa kupandisha mzigo na kuuangusha, na kinachosaga ndani ni kokoto zenyewe zinapogongana. Karatasi haina kokoto. Inapanda, inaanguka, inajiviringisha, na baada ya nusu saa unamwaga madonge ya karatasi yaliyopakwa saruji kwa nje huku ndani ni makavu.

Wapo wanaotupia mawe machache ndani ili yasaidie. Yanasaidia kidogo, kisha unabaki na kazi ya kuyaokota kwenye rojo la saruji.

Pale karatasi inapokuwa imeshavunjwa kwingine, mashine ya zege inarudi kwenye haki yake, mradi rojo liwe na maji ya kutosha kuteleza. Likiwa limekamuliwa sana hujiviringisha tena. Kikundi chenye vijana wanne na uwanja mkubwa kinaweza kuikodi siku moja, kikiwa na mapipa kadhaa ya rojo tayari. Mtu mmoja kwake? Chepe na bati lililotandikwa chini.

Wapo pia wanaofikiria mashine ya kusaga mahindi: kusaga karatasi kavu kwanza, maji baadaye. Nyundo zake kweli zinaichana. Zinatoa pia vumbi jepesi linaloelea hewani, na vumbi la karatasi likikutana na cheche hulipuka moto. Halafu nani atarudi kusaga unga pale, baada ya wino wa magazeti?

Pipa lenye kisu

Hiki ndicho ninachokipendekeza kwa yeyote anayezidi ndoo chache, kwa hiyo nitakaa hapa.

Muundo wake ni mwepesi kueleza. Pipa la lita 200, fremu ya chuma juu yake, shafti inayoshuka katikati ikishikwa na beringi mbili zilizo juu ya maji, na kisu cha fletibaa kwenye ncha ya chini, kikiacha nafasi kama ya upana wa kiganja kutoka sakafu ya pipa. Mota inakaa pembeni na kuzungusha shafti kwa mkanda. Mafundi wa Gerezani Dar es Salaam au wa jua kali pale Kamukunji Nairobi hawahitaji kuchorewa mara mbili.

Kuna fundi atakayetaka kupitisha shafti kutokea chini ya pipa, ili juu kubaki wazi kwa kumwagia karatasi. Mkatalie. Shafti ya chini inahitaji oilsili, yaani mpira wa kuzuia uvujaji, na mchanga na saruji vitaila. Ikishaanza kuvuja inavuja kwenye beringi, na ikiwa mota iko chini, inavuja kwenye mota. Ya juu haina cha kuziba.

Kasi: mota za kawaida za umeme wetu huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Puli ya inchi tatu kwenye mota na ya inchi sita kwenye shafti inakupa 720. Kwa kisu cha sentimita 30 kutoka ncha hadi ncha, ncha hizo zinapita majini kwa kama mita 11 kwa sekunde, na hiyo inatosha kuchana boksi lililolowa. Hakihitaji kunolewa. Kisu butu huchana na kuziacha nyuzi ndefu, chenye makali huzikata fupifupi.

Sasa mtego. Rojo likionekana halizunguki vizuri, mtu humwambia fundi arefushe kisu. Mzigo kwenye mota hauongezeki sawa na urefu. Kutoka sentimita 30 hadi 40 kwa kasi ileile, mzigo unakua zaidi ya mara nne. Mota iliyokuwa ikicheka inaanza kunguruma, na siku ya pili imeungua. Kama halizunguki vizuri, punguza karatasi au ongeza maji. Tazama pia kama rojo lote linazunguka kwa pamoja na kisu, na shimo katikati. Dalili hiyo ina maana pipa halina vizuizi. Chomelea fletibaa tatu au nne zikisimama wima kwenye ukuta wa ndani, na mzunguko utavunjika, karatasi irudishwe kwenye kisu.

Mota ya nguvu farasi mbili, yaani kilowati 1.5, inatosha kwa kipimo hicho. Kwa dakika ishirini za kukoroga pipa moja inakula nusu uniti ya umeme. Kwa hiyo LUKU haitakuwa gharama yako kubwa. Kitakachokusumbua ni kuwasha. Wakati wa kuanza mota huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na waya mwembamba wa ekstensheni wa mita thelathini utaifanya iungurume bila kuzunguka. Tumia waya mnene, mfupi, na uanze ikiwa ndani kuna maji tu; karatasi ifuate kidogokidogo kisu kikiwa tayari kinazunguka. Kwa jenereta, nunua au kodi yenye uwezo wa mara mbili, tatu ya mota.

Pasipo na umeme, injini ya petroli ya pampu ya maji inafaa, ila inazunguka kama mara 3,600, hivyo puli zake zinataka uwiano wa moja kwa tano. Kwa walioko Mbarali au Kilombero na mabonde mengine ya mpunga, pawatila (trekta dogo la mkono) ya jirani ina puli tayari. Ukiisha msimu wa kulima inakaa tu. Mkanda mmoja kutoka pale hadi kwenye pipa lako, na umepata nguvu kuliko ile mota ya nguvu farasi mbili.

Mambo mawili ya usalama sitayapunguza. Mkanda na puli vifunikwe kwa wavu, na pipa liwe na mfuniko wenye tundu la kupitishia karatasi, hasa penye watoto. Na mota ya umeme karibu na maji iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, pamoja na breka inayokata umeme ukivuja.

Trela la kuvutwa na gari

Atakayetafuta habari za matofali haya atakutana na kifaa hiki, kwa hiyo tukiweke mezani. Ujenzi huu ulivuma upya kusini magharibi mwa Marekani, maeneo ya New Mexico na Colorado, na wanaotajwa sana ni Eric Patterson na Mike McCain. McCain alichukua ekseli ya nyuma ya gari, akaigeuza difu (giaboksi iliyo katikati ya ekseli) ielekee juu, akaweka juu yake tangi la kunyweshea mifugo, na kufunga kisu cha mashine ya kukatia majani. Gari likivuta, magurudumu yanazungusha difu, difu inazungusha kisu. Hakuna mota, hakuna puli. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, tairi la pikapu na difu ya uwiano wa kama moja kwa nne hukizungusha kisu karibu mara 480 kwa dakika.

Akili yake naivulia kofia. Lakini angalia ilikozaliwa: ardhi kavu, barabara za shamba zisizo na mtu, pikapu kila nyumba, na hewa inayokausha tofali upesi. Mkupuo mmoja maarufu wa huko ni lita 600 za maji, kilo 27 za karatasi, mfuko wao wa saruji wa kilo 43, na kama kilo 30 za mchanga. Huo ni mzigo wa kilo 700 unaocheza nyuma ya gari. Mtaani kwetu, kati ya bodaboda na mashimo, utamwagika kabla ya kufika kona. Mwenye shamba kubwa na trekta anaweza kulifikiria. Ekseli kuukuu zipo. Hata hivyo, akiwa na trekta anaweza pia kufunga mkanda kwenye pipa lililosimama.

Maji ndiyo yanayoamua

Kipimo hicho cha Marekani, ukikigawa kwa nne, kinaingia kwenye pipa letu: maji lita 150, karatasi kilo saba, saruji kama kilo 11, mchanga kilo saba. Kwa mapipa 35 ya chumba chetu, saruji haifiki mifuko minane ya kilo 50, na hapo watu hufurahi. Kisha hesabu maji: zaidi ya madumu 260. Anayechota kisimani kwake hajali. Anayenunua dumu kwa muuza mkokoteni anajali sana.

Na hapa ndipo kazi mbili zinapoachana tena. Ukimwaga saruji kwenye pipa lilelile, kama wafanyavyo wenye trela, maji yote yanachuja kupitia kalibu yakiwa na saruji, hayarudi. Ukivunja karatasi peke yake, ukaikamua kwenye viroba vya nailoni vilivyobanwa kwa mawe, maji yanayotoka hayana saruji. Yanarudi pipani kulowekea karatasi ya kesho. Rojo lililokamuliwa unalichanganya na saruji kwa chepe juu ya bati, linakuwa zito, tofali linasimama kwenye kalibu bila kushuka sana, na linakauka mapema kidogo. Pia kisu, shafti na pipa havigandi saruji, hivyo jioni unasuuza badala ya kugonga kwa nyundo.

Kwa hiyo kwa mnunuaji wa maji, jibu ni pipa lenye kisu kwa karatasi, viroba, na chepe. Kwa mwenye kisima na haraka, pipa hilohilo lifanye kazi zote mbili. Kwa mwenye mradi mdogo na trei za mayai, drili ya mikono miwili iliyoongezewa fletibaa. Mashine ya zege ni ya kukodi tu, na ni pale rojo linaposubiri. Vyovyote uchaguavyo, ukuta huu uwe wa kujaza kati ya nguzo au wa kugawa vyumba, usiokaa moja kwa moja kwenye udongo, maana unanyonya maji. Ndani yake moto unaweza kufukuta kimya kwa saa nyingi, hivyo uupige plasta pande zote.

Siku ya kuchukua pipa kwa fundi, nenda na madumu saba ya maji na gunia la maboksi yaliyolowa. Ajaze, awashe, na uweke mkono juu ya beringi baada ya dakika kumi. Zikiwa za moto kiasi cha kukuondoa mkono, shafti imepinda au fremu haijanyooka. Salio la malipo libaki mfukoni mwako mpaka airekebishe.